Mtoto aliyepigwa nusu kaputi: pima masikio kwanza

Mtoto akichelewa kuongea, wazazi wengi huikumbuka ile nusu kaputi aliyopigwa akiwa mchanga. Usiilaumu kabla masikio hayajapimwa.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Ketamini na propofoli, dawa za usingizi za kupitisha kwenye mshipa, zimeua seli za ubongo wa wanyama wachanga maabarani, hasa zikitolewa kwa saa nyingi. Desemba 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha juu ya watoto walio chini ya miaka 3 wanaolazwa usingizi kwa dawa kwa zaidi ya saa 3, au mara kwa mara. Kwa upande mwingine kuna jaribio la kitabibu liitwalo GAS: wachanga 722 wa operesheni ya ngiri, wengine wakilazwa usingizi, wengine wakipigwa ganzi tu. Walipotimiza miaka 5, vipimo vya akili havikuwatofautisha. Ila wale walilala kama saa moja tu, tena kwa dawa ya kuvuta, kwa hiyo tusiipe ketamini cheti cha usalama kwa matokeo hayo.

Basi muulize mtaalamu wa usingizi: atalala dakika ngapi? Kama zipo operesheni mbili, zinaweza kufanywa kwa usingizi mmoja? Ya kusubiri isubiri. Ngiri iliyonasa haisubiri.

Turudi kwenye masikio. Mchanga aliyelazwa wodini huenda alichomwa pia sindano za jentamisini, dawa ya kuua bakteria, au alipata manjano kali, au homa ya uti wa mgongo. Hivyo ndivyo vya kushuku kwanza. Jentamisini huharibu vinyweleo vya sikio la ndani, na kipimo chepesi cha kuweka kifaa kwenye tundu la sikio hubaini uharibifu huo. Manjano hugonga mshipa wa fahamu wa kusikia: kipimo hicho kitasema sikio zima, kumbe sauti haifiki ubongoni ikaeleweka. Omba kile cha kubandika waya kichwani.

Hicho hufanywa mtoto akiwa amelala, ila hakihitaji dawa ya usingizi kwa mtoto wa chini ya miezi 6 hivi. Mcheleweshe kulala asubuhi hiyo, mfikishe akiwa na njaa, waya zibandikwe kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, ndipo anyonye na kulala. Ukimnyonyesha kwenye daladala atalala njiani na kuamka akiguswa na gundi ya baridi. Akishavuka umri huo hila hii hushindwa mara nyingi, na hospitali huanza kuzungumzia kumlaza kwa dawa tena.