Andika Alichosema Mgonjwa, Hivyo Hivyo

Nilipokuwa mapokezi ya idara ya dharura, safu ya "sababu ya kuja" niliijaza harakaharaka: homa, tumbo, anaumwa. Foleni ndefu, na niliamini kazi ya maana iko ndani kwa daktari. Baadaye nikahamia ufuatiliaji wa magonjwa, nikawa naisoma safu ileile kila asubuhi.

Siku moja nilikuta wagonjwa 11, wote "tumbo". Wanaharisha? Wanatapika? Kuna damu? Nikapiga simu. Muuguzi akaniambia 9 kati yao walikuwa wakitapika, na wote walikula kwenye shughuli moja. Maneno hayo yangeandikwa tangu usiku, tusingepoteza nusu siku. Iliniuma, kwa sababu uandikaji ule wa harakaharaka ndio uliokuwa wangu zamani.

Takwimu za dharura thamani yake ni kuwahi. Majibu ya maabara husubiriwa. "Nabanwa kifua" hutamkwa mgonjwa akifika tu. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi ilipasua chavua za nyasi zikawa chembe ndogo zinazoingia mapafuni. Maelfu walikimbilia hospitali wakihema, na watu 10 wakafariki. Ishara ilikuwa palepale mlangoni. Ufaransa nayo, baada ya joto kali la 2003 kuua watu wapatao 15,000, ilianzisha mwaka 2004 mtandao wa kukusanya taarifa za idara za dharura.

Idadi ikipanda, usipige mbiu papo hapo. Linganisha na siku ileile ya wiki zilizopita, kwani Jumatatu ina foleni yake. Uliza kama kituo jirani kimefungwa. Kisha ongea na aliyewaona wagonjwa. Simu moja imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Ikishuka ghafla, usishangilie. Aprili 2020 Marekani, wakati wa korona, waliofika dharura walipungua kwa takriban asilimia 42 kuliko mwaka uliotangulia. Mshtuko wa moyo haukuwa umekoma. Wengi waliogopa kuja. Na pengine ni hospitali tu haijatuma data.

Majina ya wagonjwa siyahitaji. Umri, jinsia, eneo, saa ya kufika na maneno yao vinanitosha.

Siku hizi kila Ijumaa nawatumia watu wa mapokezi grafu iliyotokana na kazi yao, maana zamani mimi sikuwahi kuonyeshwa. Wiki iliyopita mmoja wao aliandika: "Anatapika tangu saa nane usiku, mumewe pia."