Kulala kwenye magofu ya Gede
Je, unaweza kulala ndani ya magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya? Hapana, ndani hulali. Eneo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na lango hufungwa jioni, kwa hiyo anayetafuta majini ya usiku atalala Watamu, kilomita chache tu kutoka hapo. Nenda asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya shule. Ile habari ya kuhisi mtu anakuchungulia nyuma ya kuta si ya vijiweni tu: mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale 1948, aliiandika mwenyewe. Lakini ukisikia majani makavu yakichakarika karibu na kaburi la mwaka 1399, geuka kwanza kabla hujakimbia. Mara nyingi ni kima. Ndizi yako ifiche.