Maswali ya wazazi wenye vichanga: homa, kilio, maji na kitovu

Mwanangu ana mwezi mmoja. Jana usiku kipimajoto kilisoma 38.2. Naweza kumpa nusu ya dawa ya homa ya kaka yake?

Nimelitanguliza swali hili kwa sababu haliwezi kungoja. Usimpe. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38 anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama anaonekana mchangamfu. Katika umri huu homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo, na dawa ya kushusha joto itaificha tu. Hata kama leo joto limeshuka, mpeleke akapimwe. Endelea kumnyonyesha njiani.

Wangu ana wiki tano. Kila jioni analia kwa muda wa saa mbili, tatu, hata akiwa amenyonya vizuri. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi.

Pole sana, mama. Maziwa yako hayana kosa. Kilio hiki cha jioni huanza karibu wiki ya pili au ya tatu, hufika kilele karibu wiki ya sita, kisha hupungua, na watoto wengi huwa wametulia wakitimiza miezi mitatu au minne. Kwa hiyo uko kwenye kipindi kigumu kuliko vyote. Ukitaka kujua kama anashiba, tazama mkojo na uzito: nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na uzito unaopanda kila mnapokwenda kliniki. Mweleze mama mkwe hivyo hivyo, kwa upole.

Jioni punguza mwanga na kelele, mbeulishe, umbebe wima kifuani, ngozi kwa ngozi. Dawa za chango zinazouzwa madukani sizishauri kwa kichanga.

Kuna jambo wazazi huona haya kulisema, ila nawaomba mlisikie: kilio kisichokoma kinaweza kumfikisha mtu mwema kwenye hasira. Ukihisi unafika huko, mlaze mtoto chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, mwite mtu akupokee. Usimtikise kamwe. Kutikiswa hata kwa muda mfupi kunaweza kuuvujisha damu ubongo wake.

Akitapika kijani, akitoa choo chenye damu, akikataa kunyonya au kilio kikibadilika ghafla, nenda hospitali.

Joto ni kali, na mtoto wangu wa miezi miwili ananyonya tu. Nimpe maji kidogo?

Hapana, mpaka atimize miezi sita. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji tayari. Ukimpa maji, tumbo lake dogo linajaa kitu kisicho na lishe, na yakizidi, chumvi ya damu hushuka hadi kuleta degedege. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpunguzie nguo. Na anayetumia maziwa ya kopo asiongezewe maji kuliko kipimo kilichoandikwa.

Kitovu kipakwe nini ili kidondoke haraka?

Haraka ya nini? Huchukua wiki moja hadi mbili, na kinachokisaidia ni ukavu. Kunja nepi chini yake, usikivute, wala usipake kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakukupa. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu na kuvimba, au ukiona usaha, au kikinuka vibaya, mpeleke siku hiyo hiyo.

Ana wiki nane, ananyonya tu, na hajapata choo siku nne. Amefunga?

Kama choo chake kikitoka ni laini, hajafunga. Baada ya wiki sita hivi, anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Ingekuwa wiki ya kwanza ningekuambia uende kliniki leo. Tumbo likivimba na kuwa gumu, au akianza kutapika, nenda.