Springi ya mbele ya Impreza imekatika: nichomee au nibadilishe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Morogoro, natumia Subaru Impreza WRX STI ya 2005. Wiki mbili zilizopita niliingia shimo usiku nikiwa kwenye kama 80, nikasikia mlio mmoja mkali mbele kushoto. Tangu siku hiyo gari inagonga nikikata kona taratibu na nikipanda tuta, na upande ule umeshuka kidogo. Fundi wa kwanza kabonyeza bodi mara mbili, kasema shokapu zote nne zimekufa. Wa pili kaifungua tairi, kakuta springi imekatika kwa chini, anasema anaichomea na nitasahau kabisa. Mimi nimeangalia, hakuna shokapu inayovuja. Nimsikilize nani? Na naweza kuiendesha hivi hivi mpaka Dar nikatafute spea?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linaloweza kukuua: usiiendeshe. Kwenye gari lako bakuli linalobeba springi liko jirani kabisa na tairi, na springi iliyokatika huacha ncha kali kama tindo. Leo ncha hiyo imekaa ndani ya bakuli. Kesho utaingia shimo jingine, itachomoka na kuchana tairi kwa ubavuni, na tairi la mbele likipasuka ukiwa mwendo wa barabara kuu usukani hauna msaada mkubwa. Kama ni lazima gari lifike Dar, lipakiwe juu ya gari la kubebea, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Usikubali lile la kunyanyua mbele na kuburuza nyuma. Subaru hii inasukuma kwa magurudumu yote manne, ukiiburuza nusu nusu unaikaanga difu ya kati, na hiyo ni gharama kuliko springi zote.

Sasa mafundi wako. Wa kwanza amekisia. Kubonyeza bodi na kuangalia linavyorudi kunasaidia kwenye gari laini la familia. STI imekaza kutoka kiwandani, hata shokapu iliyochoka inaweza kukudanganya, na nzima pia. Wa pili ameona kilichopo, ila dawa yake ni mbaya kuliko ugonjwa.

Kabla hujatoa hela thibitisha mwenyewe, haichukui nusu saa. Weka gari kwenye sakafu iliyonyooka, chukua tepu, pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kushoto kisha kulia. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Tofauti ya milimita chache ni kawaida kwa gari la umri huo. Ikifika sentimita mbili, springi ina kesi ya kujibu.

Halafu washa gari, mwombe mtu akate usukani taratibu mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa limekanyaga chini. Wewe fungua boneti, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya maunti ya shokapu, pale inaposhikwa na bodi kwa juu, na mpini wake sikioni. Springi iliyokatika haizunguki pamoja na mguu wa shokapu. Hujikunja, hujikunja, halafu huruka mara moja: tong! Ndio mlio unaousikia kwenye kona za taratibu. Maunti ikiwa ndiyo mbovu utasikia zaidi mkwaruzo wa beringi, na usukani utakuwa mzito au hautaki kurudi wenyewe. Usiingize vidole kwenye springi kutafuta mtikisiko, nimeona kucha zikienda.

Mwisho ng'oa tairi, osha bakuli kwa maji na brashi, mulika. Mara nyingi kinachokatika ni kipande cha mzunguko wa chini kabisa, na kimefichwa na udongo ndiyo maana watu hawakioni. Linganisha na upande wa kulia. Mwisho wa springi wa kiwandani umekatwa sawasawa na una rangi. Uliovunjika umekaa mshazari.

Na ukikiona kipande chenyewe, usikitupe. Uangalie uso wa mkato. Karibu kila ninachokishika kina rangi mbili: pembeni sehemu ndogo nyeusi au ya kutu, na iliyobaki inang'aa kijivu kama sukari iliyomwagika. Ile nyeusi ni ufa wa zamani. Rangi ilibanduka, labda kwa kokoto, maji na mchanga vikatuama kwenye bakuli, kutu ikachimba kidonda, na kila tuta likakifungua kidogo. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika usiku ule. Kwa hiyo shimo lako lilimalizia tu kazi, na hapo ndipo unapata jibu la kama ubadilishe moja au mbili: ya kulia imekula mvua ileile na matuta yaleyale.

Hapa nitoke kidogo kwenye reli. Gari lako likiwa na raba zile zinazopachikwa katikati ya mikunjo ya springi ili linyanyuke, zitoe. Najua zinauzwa kila kona na ni rahisi. Lakini zinaua mkunjo mmoja usifanye kazi, kazi yake inahamia kwa jirani zake, na chini ya raba maji hayakauki. Anayetaka gari la juu anunue Forester.

Kuhusu kuchomea. Chuma cha springi kina ugumu wa kupikwa: hupashwa moto mkali, huzimwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani ili kiwe kigumu lakini kinyumbulike. Moto wa kuchomea unayeyusha chuma, ambacho huyeyuka karibu nyuzi 1500. Pale pa kiungo mapishi yote yamefutwa: sehemu moja inakuwa laini kama nondo, ya pembeni yake inakuwa kavu kama glasi. Itashika siku ya kwanza, pengine hata mwezi, na itakapokatika tena haitachagua mahali pa heri. Hivyo hivyo kuikata mwisho uliovunjika na kuirudisha: mzunguko unapungua, upande mmoja unakaa chini, breki zinavuta.

Shokapu je? STI za wakati huo zina shokapu zilizopinduliwa: bomba nene ndilo linaloteleza ndani ya ganda, na katikati yake kuna bushi zinazoishi kwa grisi. Grisi ikikauka linagonga, ko-ko-ko, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, na mtu anauziwa shokapu mpya nne wakati dawa ilikuwa kufungua, kusafisha na kujaza grisi. Pia usijifariji kwamba hakuna inayovuja, maana kwenye aina hii mafuta hayatoki nje kirahisi ukayaona. Mguu ukishashuka kwa ajili ya springi, tenganisha, usukume na kuuvuta kwa mkono. Ukiingia na kutoka kwa ukinzani ulio sawa mwanzo mpaka mwisho, na bomba halina mkunjo wala mchubuko, huo ni mzima. Ukiwa na mahali panapopwaya, badilisha wa kushoto na wa kulia pamoja.

Wakiwa humo humo wakague boljointi, stabilaiza linki, bushi za mkono wa chini, beringi ya habu, na rimu kwa ndani. Mkono wa chini ukiwa wa aluminiamu na umepinda, haunyooshwi kwa nyundo. Unabadilishwa.

Kazi yenyewe. Kabla nati yoyote haijaguswa, chora alama kwenye ile bolti ya juu inayoshika shokapu na nako, kile chuma kinachobeba habu. Bolti hiyo ina tumbo upande mmoja, ndiyo inayopanga mlalo wa tairi. Wengi huifungua bila alama, kisha mwenye gari analalamika tairi linaliwa upande wa ndani. Nako ikishaachia, ifunge kwa waya juu. Isianguke nje ikavuta shafti mpaka jointi ya ndani ikachomoka, wala isining'inie kwenye hosi ya breki.

Halafu nati ya katikati juu ya maunti. Haifunguliwi kamwe kabla springi haijabanwa kwa klampu mbili zilizokabiliana na ukaona springi imeanza kucheza ndani ya bakuli lake. Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzetu mmoja aliibana kwa klampu moja na waya. Springi ilipita karibu na shavu lake na kutoboa bati la paa. Kila mvua tuliweka ndoo chini ya lile tundu, na hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Ukirudisha, mwisho wa springi ukae kwenye kidato cha bakuli, usiishie kupanda juu yake. Raba ya kiwandani inayokaa chini ya springi ikiwa imekatika weka mpya. Nati ya katikati pia iwe mpya. Na bolti zinazopita kwenye bushi za mkono wa chini, kama zililegezwa, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, siyo likiwa juu ya jeki. Zikikazwa gari likiwa hewani, bushi inaishi imejinyonga na itachanika mapema. Kisha moja kwa moja alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa tairi, siyo wiki ijayo.

Ukija Ilala kutafuta springi zilizotumika za Japani, chukua jozi kutoka gari moja, tena STI kama lako. Alama za rangi zilizopakwa kwenye mikunjo zifanane kushoto na kulia. Pitisha kidole kwenye mzunguko wa chini; ukigusa kidonda cha kutu kinachoshika kucha, rudisha rafuni hata kama muuzaji anakuapia. Jozi mpya ukiipata, toa hela, usisite.

Baada ya wiki mbili za kutembea pima tena kwa tepu ileile na kagua bolti. Na kile kipande ukikipata, kipige picha uso wa mkato, nitumie. Nataka kuona ile sehemu nyeusi ilikuwa kubwa kiasi gani.