Kumsemea mtoto mdogo kunaanzia kwenye kikao cha mtaa

Huku kwetu Tanga mtoto mdogo hakosi wa kumpenda. Pita Ngamiani jioni uone anavyobebwa na huyu, anavyopewa kipande cha muhogo na yule. Anachokosa ni mtu wa kumsemea pale fedha zinapogawanywa. Shule ya sekondari ikikosa maabara, diwani ataulizwa na mbunge ataulizwa, maana matokeo ya kidato cha nne hutangazwa nchi nzima. Mtoto wa darasa la awali hana mtihani wa taifa. Akikaa chini kwenye sakafu mwaka mzima, hakuna karatasi itakayobandikwa ukutani kuonyesha alichopoteza.

Nilifundisha darasa la awali kabla ya kuingia kamati ya shule, na wazazi wengi huniuliza waanzie wapi. Wengi hudhani lazima uwe msomi, au uwe na taasisi yenye gari na fulana. Si lazima. Ila ni lazima ujue mambo mawili: mtoto anastahili nini, na kikao kinachoamua kinakaa lini.

Anachostahili kimeandikwa. Darasa la awali katika shule za serikali ni sehemu ya elimu inayotolewa bila ada. Mwalimu mmoja wa awali anatakiwa awe na watoto 25. Choo cha shule kinatakiwa kiwe na tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Na tangu Desemba 2021 tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayoitwa PJT-MMMAM, inayomhesabu mtoto tangu mimba hadi miaka minane na kumtaka apate vitu vitano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani mzazi kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ukizijua namba hizi huhitaji kupandisha sauti. Unauliza tu: darasa letu lina watoto wangapi, na mwalimu ni mmoja? Ile elfu moja ya kila mtoto ilitengwa? Ikatumika?

Lakini namba peke yake haimgusi mtu. Nenda ukaone kwa macho yako, na ukione kitu kwa kimo cha mtoto. Katika shule moja hapa mjini walimu walikuwa wakilalamika kwamba watoto wa awali wanajisaidia nyuma ya darasa, na ikasemwa ni tabia mbaya ya nyumbani. Nikaingia chooni. Tundu lilikuwa limechongwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la saba. Mtoto wa miaka mitano akichuchumaa pale anatanua miguu mpaka hana nguvu ya kujishikilia, huku chini anaona giza. Angeanguka, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi.

Nilipima upana wa tundu kwa kijiti, nikakata boksi la sabuni kwa kipimo kile kile, nikaenda nalo kwenye kikao pamoja na ndala ya mjukuu wangu. Nikaliweka boksi mezani, nikaidondosha ndala. Ikapita bila kugusa ukingo. Mwenyekiti akainama akaiokota, akaizungusha mkononi, akauliza, "Hii ya mtoto wa umri gani, mama?" Nikamwambia mitano. Mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi akajitolea saruji mfuko mmoja. Wazazi wakaleta mchanga, fundi akamwaga zege upya, matundu mawili madogo na bomba la kushikia ukutani. Ningesema "miundombinu rafiki kwa mtoto" siku ile, wangeitikia kwa vichwa tukaendelea na ajenda nyingine.

Sasa kikao chenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Mtu akija Mei na hoja nzuri kuhusu madawati ya awali, amechelewa: Bunge liko kwenye bajeti, na madiwani walishapitisha makisio ya halmashauri miezi kadhaa nyuma. Hoja ya mtoto inatakiwa itoke mtaani mapema, kabla Desemba haijaisha, ipande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, ndipo ifike halmashauri. Ndugu zetu wa vijijini, Muheza, Mkinga, Pangani, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na pale kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo iko wazi kwa mwananchi kuketi na kusikiliza. Wachache wanakwenda.

Na ukienda, usikubali hoja yako iwekwe kwenye "mengineyo." Huko ndiko hoja za watoto zinakozikwa: saa imekwenda, watu wanatafuta funguo za baiskeli. Mwone mtendaji siku kadhaa kabla, mwombe iingie kwenye ajenda na iandikwe kwenye muhtasari. Akina mtendaji wengi ni vijana wenye adabu. Kinachowalemea ni wingi wa kazi. Mpelekee hoja iliyoandikwa tayari, ukurasa mmoja, yenye idadi ya watoto na gharama aliyoipiga fundi. Utakuwa umemsaidia.

Kazi ngumu zaidi, kusema kweli, iko kwa wazazi. Wengi wamesikia "elimu bure" wakadhani hakuna kilichobaki kwao. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 unaeleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Mtoto anayetoka nyumbani na chai kavu, ikifika saa nne amelala juu ya meza, na mwalimu bora hawezi kitu. Uji wa shule ukianza, mahudhurio yanabadilika wiki ile ile. Ila mchango wa uji ukubaliwe na wazazi wenyewe kikaoni, hesabu zisomwe mbele yao, na asiye na uwezo mtoto wake asirudishwe nyumbani. Hilo la mwisho nitalisimamia popote nilipo.

Jambo jingine la wazazi ni haraka. Mtoto wa miaka minne anapewa kazi za nyumbani kurasa tatu, mama anamkazia macho aandike a e i o u mpaka analia, kwa sababu mtoto wa jirani fulani tayari anasoma. Mimi napinga. Mtoto anayepanga vizibo vya soda kwa rangi anajifunza hesabu. Anayecheza ukuti na wenzake anajifunza kusikiliza na kungoja zamu. Kona za ujifunzaji darasani zinajazwa na vifuu, makopo na kamba za mkonge, vitu ambavyo Tanga hatununui. Waalike wazazi waje wakae darasani asubuhi moja, na akina baba wawepo. Baba akishamwona mwanawe akipima mchanga kwa kopo na kuhesabu, maneno yako yanapungua sana.

Kuna mpaka ambao mtetezi hatakiwi kuuvuka: usimdhalilishe mtoto ili usikilizwe. Picha ya mtoto mchafu, au mtoto mwenye utapiamlo, isizunguke kwenye makundi ya WhatsApp bila ridhaa ya mzazi, na hata kwa ridhaa fikiri mara mbili, kwani mtoto yule atakua na atasoma. Ukiona dalili za ukatili, hiyo si hoja ya kikao tena. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kwa sasa ninachofuatilia ni akina mama wanaolea watoto wa wenzao majumbani. Mama anayewahi samaki pale soko la Deep Sea alfajiri lazima amwache mtoto mahali. Nyumba hizi zinasaidia, ila nyingi hazijasajiliwa, na kuna wanaotaka zifungwe. Zikifungwa watoto watabaki na ndugu zao wa miaka minane. Naona heri kumsindikiza mama mlezi kwa afisa ustawi wa jamii, aelezwe masharti ya usajili, na apewe muda wa kuyatimiza. Wa kwanza mtaani kwetu ameshajaza fomu na anangoja ukaguzi. Wawili wanarekebisha uzio.