Lenzi ya anamofiki kwenye projekta ya nyumbani: pima chumba kabla ya kutoa hela

Kila mwenye projekta sebuleni anaijua ile mikanda miwili myeusi, mmoja juu na mmoja chini. Unaweka filamu kubwa, jangwa na misafara yake, na badala ya picha kukua inasinyaa. Taarifa ya habari inajaza skrini nzima, filamu iliyokula mamilioni ya dola inabanwa katikati. Kero hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye lenzi ya anamofiki, yaani lenzi ya ziada inayoitanua picha kwenda pembeni tu, na kila mgeni akija kuangalia mpira huuliza lile dude lililokaa mbele ya projekta ni la nini.

Tuanze na hesabu, maana asiyejua hesabu hapa anapigwa. Skrini ya kawaida ni 16:9, yaani upana wake ni mara 1.78 ya kimo. Filamu nyingi kubwa zina uwiano wa 2.39. Kwenye projekta ya pikseli 1920 kwa 1080, filamu ya namna hiyo hutumia mistari 800 na ushee tu. Iliyobaki, robo ya pikseli zote, kazi yake ni kuchora weusi. Taa inawaka, LUKU inasoma, na robo ya mwanga haifiki popote.

Dawa yake ina hatua mbili. Kwanza projekta yenyewe inaivuta picha kwenda juu mara 1.33 mpaka ijaze mistari yote 1080. Kwenye menyu huenda ikaandikwa Anamorphic au V-Stretch. Ukitazama hapo, waigizaji wote wamekuwa warefu kama milingoti. Kisha lenzi, inayokaa mbele ya lenzi ya projekta, inaitanua picha kwenda pembeni mara 1.33, na nyuso zinarudi zilivyokuwa. Kimo hakibadiliki, upana unaongezeka.

Ndiyo maana lenzi hii bila skrini pana haina maana yoyote. Ukiiweka mbele ya skrini ya 16:9, italazimu uipunguze picha ili ienee, na mikanda itarudi pale pale. Skrini yangu ina upana wa mita 2.8 na kimo cha mita 1.18. Mpira na taarifa ya habari vinakaa katikati, mita 2.1 kwa 1.18. Filamu ikianza, picha inafunguka kushoto na kulia. Kumbi za sinema za zamani zilifanya hivyo kwa mapazia: tangazo likiisha, pazia linazidi kuvutwa pembeni, watu wanajua shughuli yenyewe sasa inaanza.

Sasa niseme ambalo wauzaji hawatakuambia: wengi wenu hamhitaji lenzi hii. Ukishakuwa na skrini pana, unaweza kutumia zumu ya projekta. Unaikuza picha mpaka upana wa filamu ujae skrini, na ile mikanda myeusi inamwagikia ukutani. Kwa vipimo vyangu ingemwagika kama sentimita 20 juu na 20 chini. Ukuta ukiwa na rangi nzito huioni. Ukiwa mweupe, kama kuta nyingi za nyumba za kupanga, utaona ukungu wa kijivu kila mara tukio likiwa la usiku, kwa sababu weusi wa projekta si weusi kamili. Sharti lingine ni zumu yenyewe: lazima ifike mara 1.33 au zaidi. Projekta nyingi za bei nafuu zinaishia 1.1 au 1.2, hazikufikishi. Za bei ya juu mara nyingi zina kumbukumbu ya lenzi, unabonyeza rimoti na zumu inajiendea yenyewe.

Mimi nilibaki na lenzi kwa sababu projekta yangu ni ya 1080, na kwa upana wa mita 2.8 kwa zumu niliziona pikseli moja moja nikiwa nimekaa kochini. Lenzi inatumia paneli nzima, yaani pikseli zote za projekta. Isikudanganye kwamba inaongeza undani. Ile mistari ya ziada projekta imeikokotoa, haikuwemo kwenye diski. Faida ni picha laini na mwanga kiasi. Mwanga nao usiutie chumvi: vioo vya ziada vinakula sehemu yake, na zumu ikifunguliwa kwa wingi huwa inapitisha mwanga zaidi, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko ile robo ya kwenye karatasi. Mwenye projekta ya 4K sioni sababu ya yeye kuhangaika, labda awe na chumba kikubwa sana.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Anza bila lenzi: nyoosha projekta, usitumie kabisa marekebisho ya kistone (yale ya menyu yanayonyoosha picha iliyokaa mshazari), pata fokasi kali. Kisha weka lenzi na urushe picha ya gridi. Mistari ya juu na chini itapinda katikati, pembe zikivutika kwenda nje. Hiyo ni tabia ya lenzi hizi, na inazidi projekta inapokuwa karibu na skrini. Kwangu projekta iko mita 4.2, mara mbili ya upana wa picha ya 16:9, na kwa umbali huo upindaji ni mdogo. Niliikuza picha kidogo ili pembe ziingie kwenye fremu niliyoivisha mahameli nyeusi, na jicho haligundui kitu. Fundi wa skrini ya kujipinda angeumaliza kabisa, ila bei yake sikuweza kuimeza. Mistari ikipinda zaidi upande mmoja, lenzi imekaa upande; izungushe kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka kushoto na kulia zifanane. Lenzi za prizimu huacha pia rangi nyekundu na bluu kwenye kingo za herufi nyeupe. Zile za vioo vya silinda ni bora kwa hilo, na nzito, na ghali. Lenzi mpya nzuri inaweza kuizidi bei projekta yenyewe.

Nimeiweka juu ya reli ili niisogeze kando tukiangalia televisheni. Nyumbani tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ndizo zinazotawala, nazo ni 16:9. Kuiacha lenzi mbele inawezekana, projekta inaibana picha pembeni, lakini robo ya pikseli za upana zinapotea bure.

Maandishi ya tafsiri ni tatizo linalosahaulika. Diski nyingi huweka mstari wa pili ndani ya mkanda mweusi. Kwa zumu maneno yataangukia ukutani, angalau unayasoma. Kwa lenzi yanakatwa, hayapo tena. Programu za kuchezea video za Kodi na VLC zinakuruhusu kuyapandisha juu. Programu za kutiririsha filamu kwa kawaida haziruhusu.

Kwa tunaoishi pwani, adui ni kuvu. Unyevu wa Dar unaingia kati ya vioo na kuotesha nyuzi nyeupe zinazojitandaza kutoka ukingoni. Ukinunua ya mtumba, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiwa huitumii, ifunge kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Na mtandaoni zimejaa lenzi za bei rahisi zilizotoka kwenye kumbi zilizofungwa. Hizo ni za filamu ya milimita 35, za mfumo uliotokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien na kuingia sokoni kwa jina la CinemaScope mwaka 1953. Zinatanua mara 2, siyo 1.33. Kioo chake kinaweza kuwa kizuri kabisa, lakini kwenye projekta yako picha itakuwa pana kupita kiasi. Muuzaji akikubali majaribio, rusha mraba wa sentimita 60 kwa 60, weka lenzi, pima tena. Upana ukiwa 80, lipia. Ukiwa 120, mrudishie.