Kabla ya kuuliza terabaiti ngapi, hesabu nyaya zinazoshuka kutoka kwenye dishi

Mkuu, umeuliza uchukue kisimbuzi cha HD cha kurekodi chenye diski ya terabaiti 1 au 2, maana umeshanunua runinga ya inchi 43 na dishi la zamani bado liko juu ya bati hapo Kimara. Waliotangulia wamekujibu habari za diski tu. Diski ndiyo jambo jepesi kuliko yote. Mimi narekodi mpira na tamthilia za nyumbani hapa Tabata kwa miaka sasa, na nakushauri uanzie juu: zinashuka nyaya ngapi kutoka kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi?

Sababu ni hii. LNB ya kawaida yenye mdomo mmoja wa kuchomekea waya haileti chaneli zote kwa mpigo. Kisimbuzi kinaipelekea volti 13 kikitaka mawimbi ya wima, volti 18 kikitaka ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 kikitaka bendi ya juu. Kwa hiyo waya mmoja wakati wowote umebeba fungu moja tu la chaneli. Ukirekodi mpira ulioko kwenye wima, halafu mama watoto akataka tamthilia iliyoko kwenye mlalo, hapati, hata kama boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina tyuna mbili, yaani linaweza kupokea chaneli mbili kwa mpigo. Kinatokea kibandiko kwenye skrini: simamisha kurekodi, au baki hapohapo ulipo. Kikitokea saa tatu usiku, mpira uko dakika ya sabini na tamthilia ndiyo inaanza, unajua mwenyewe nani atasalimu amri.

Dukani, kigeuze kisimbuzi uone mgongo wake. Ukikuta matundu mawili ya LNB IN, ujue kinataka LNB ya midomo miwili na nyaya mbili kamili mpaka sebuleni. Kuna mafundi watakaokwambia hapana haja, tutatia kigawanyio. Mkatalie. Kigawanyio kinagawa fungu lilelile moja. Vipo vingine, kama DStv Explora, ambavyo vinatumia LNB maalumu inayopitisha mafungu kadhaa kwenye waya mmoja. Hiyo ni nafuu kwa nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe tena, lakini LNB yako ya sasa hapo haikusaidii. Iwe njia ipi, gharama ya LNB na fundi iweke kwenye hesabu kabla hujaulizia bei ya diski.

Usidhani pia kwamba dishi ni dishi tu. DStv kwa upande wetu iko kwenye satelaiti ya nyuzi 36 Mashariki, Azam iko nyuzi 7 Mashariki. Dar yenyewe iko kama nyuzi 39, kwa hiyo ile ya DStv iko karibu na utosi, na ndiyo maana madishi yake mitaani yamelala chali, wakati ya Azam yamesimama zaidi na kutazama magharibi. Ukihama kampuni, dishi litalegezwa na kuelekezwa upya.

Sasa jambo ambalo watu hulijua wakiwa wameshalipa: kilichorekodiwa ni cha nani? Kisimbuzi cha kampuni chenye diski ndani ni kitamu kukitumia. Unafungua ratiba, unabonyeza kitufe, kimeisha. Ila vipindi vinahifadhiwa vikiwa vimefungwa. Ukiing'oa ile diski ukaichomeka kwenye kompyuta huoni kitu. Na kurekodi kwenyewe kunaweza kuwa na ada yake. Kwa DStv ni malipo ya mwezi juu ya kifurushi. Risiva huria ya chaneli za bure, zile unazochomekea diski kwa USB, inakuachia faili la TS ambalo VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, inalifungua bila maswali. Tatizo lake ni kwamba mpira mkubwa hauko bure. Mimi ninazo zote mbili: ya kulipia kwa ajili ya ligi, na huria kwa taarifa za habari na vipindi vya watoto.

Diski basi, maana ndiyo uliyoiuliza. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 3.6 kwa saa. Mechi moja na mapumziko yake ni kama gigabaiti 7. Terabaiti 1 inakaribia saa 280. Unazitazama lini? Terabaiti 1 inakutosha, labda kama nyumba nzima ni ya wanaoweka bila kufuta.

Kwa risiva ya USB, usirekodi kwenye flashi, hasa ukipenda kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu muda wote huo inaandikwa na inachoka haraka. Diski nayo isiwe imefomatiwa kwa FAT32, mfumo ambao faili lake moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4. Risiva nyingine hukata vipande zenyewe, nyingine husimama kabla refa hajamaliza. Ukisikia diski inatoa mlio wa tik tik, tundu la USB halina nguvu ya kuiendesha. Tafuta diski yenye umeme wake.

Umeme. Ukikatika katikati ya kurekodi, kipande hicho mara nyingi kimekwenda, na diski inayozimwa hivyo kila wiki haidumu. UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, inatosha, kisimbuzi hakili umeme mwingi. Kabla hujalipa mwambie muuzaji akiwashe, achomoe plagi, airudishe. Kama kinarudi kimelala na kimesahau vipindi ulivyopanga, weka chini.

Na tafadhali, unganisha kisimbuzi na runinga kwa waya wa HDMI. Nimeingia nyumba nyingi za watu, kisimbuzi ni cha HD, runinga ni ya HD, katikati kuna zile pini za nyekundu, njano na nyeupe. Ya njano inapitisha picha ya kawaida tu, 720 kwa 576, wakati HD kamili ni 1920 kwa 1080, nukta mara tano zaidi. Hakikisha pia kifurushi unacholipia kina hizo chaneli za HD zenyewe.

Panda leo au kesho uangalie LNB ina midomo mingapi, upige picha maandishi yaliyo ubavuni mwake. Ukiwa huko huko fungua koneta uone: uzi mmoja tu wa ule wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, utalaumu kisimbuzi kipya bure. Weka picha hapa pamoja na jina la kampuni unayolipia, nitakwambia kama LNB inabaki au inabadilishwa.